Uchakavu kama Ushahidi: Ukusanyaji na Upangaji wa Madaraja wa Sarafu za Afrika Mashariki ya Wajerumani katika Nyanda za Juu Kusini, 1890–1916

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna sarafu zilizotumika katika Afrika Mashariki ya Wajerumani zinavyokusanywa na kupangwa madaraja, na athari za utaratibu huo kwa uandishi wa historia ya Iringa na Mbeya. Hoja kuu ni kwamba kipimo cha madaraja kinachotumiwa na wakusanyaji leo kilianza kama kipimo cha bei, na kwamba kinaipa hadhi ya juu kabisa sarafu ambayo haikupita mikononi mwa watu. Sarafu iliyochakaa, iliyotobolewa au iliyoliwa na kutu huwekwa chini ya kipimo hicho, au nje yake kabisa, ilhali ndiyo yenye ushahidi wa kodi, mshahara, biashara na vita. Makala inajadili pia nafasi ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kuhitimisha kwa kupendekeza wasifu wa matumizi uandikwe sambamba na daraja la hali.

1.0 Utangulizi

Ukusanyaji wa vitu vidogo vilivyotengenezwa kwa wingi ni desturi ya karne ya kumi na tisa. Nchini Marekani, kuanzia miaka ya 1880, makampuni ya sigara yalitia ndani ya pakiti kadi zenye picha za wachezaji wa besiboli. Kampuni ya Goodwin ya New York ilitoa kadi za namna hiyo kati ya 1886 na 1890. Kadi hizo hazikukusudiwa kudumu. Zilikuwa chambo cha biashara. Leo hutiwa ndani ya vifuko vigumu vya plastiki na kupewa namba ya daraja, na tofauti ya namba moja huweza kuzidisha bei mara kadhaa.

Katika miaka hiyohiyo Kampuni ya Afrika Mashariki ya Wajerumani ilianza kutoa sarafu zake. Kama kadi za sigara, sarafu hizo zilitengenezwa kwa wingi, zikasambazwa kwa ajili ya faida, na sasa zinakusanywa na kutiwa katika vifuko vya plastiki vya aina ileile. Hata hivyo, kadi ilimfikia mnunuzi kama nyongeza ya kitu alichojitakia, ilhali rupia ilimfikia mkulima wa Uhehe au wa Rungwe pamoja na amri ya kuirudisha kwa mtoza kodi. Tofauti hiyo inalazimu swali ambalo wakusanyaji hawaliulizi mara nyingi: alama zilizobaki juu ya sarafu zihesabiwe kuwa kasoro au kuwa habari?

2.0 Usuli wa Sarafu Zenyewe

Kabla ya utawala wa Wajerumani, uchumi wa Nyanda za Juu Kusini haukuwa mtupu wa vipimo vya thamani. Ng'ombe, meno ya tembo, nguo na majembe ya chuma vilibadilishwa baina ya jamii na jamii. Wakinga walifua chuma na kuwauzia majirani zao Wanyakyusa majembe. Pwani, reale ya fedha ya Maria Theresa na rupia ya Uhindi zilikuwa zikizunguka, na Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa ametoa pesa za shaba zenye mwaka wa Hijria 1299. Neno lenyewe "pesa" lilikuja kwa njia hiyo ya Bahari ya Hindi.

Kampuni ya Wajerumani ilifuata mazoea hayo badala ya kuyavunja. Pesa zake za shaba, zilizotolewa kati ya 1890 na 1892, zilikuwa na tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu yenye maana ya "kampuni ya Ujerumani" upande wa pili, pamoja na mwaka wa Hijria. Rupia ya fedha, iliyotolewa kati ya 1890 na 1902, ilikuwa na uzito wa gramu 11.66 na usafi wa fedha wa 917 kwa 1,000, sawasawa na rupia ya Uhindi. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Palikuwapo pia nusu rupia, robo rupia, na rupia mbili zilizotolewa mwaka 1893 na 1894 tu. Upande wa kichwa alionekana Kaizari Wilhelm wa Pili akiwa amevaa kofia ya chuma yenye tai. Upande wa nyuma zilikuwamo alama za kampuni, simba na mnazi.

Jambo moja linafaa kuzingatiwa na mtafiti. Serikali ya Ujerumani ilichukua utawala wa koloni kutoka kwa kampuni mwaka 1891, lakini rupia ziliendelea kubeba jina la kampuni kwa zaidi ya muongo mmoja. Kwa hiyo anayesoma jina lililo juu ya sarafu pekee anaweza kudhani kwamba kampuni ndiyo iliyotawala wakati ambapo ilikwisha kuachia madaraka.

Mwaka 1904 serikali ilileta mfumo mpya: rupia moja kwa heller 100, na rupia 15 kwa mark 20. Maandishi ya Kiarabu yalitoweka. Heller za shaba zilienea haraka, na jina lao likabaki katika Kiswahili kama "hela", likiwa limeacha kutaja sarafu moja na kutaja fedha kwa jumla. Upande wa kusini-magharibi, Kinyakyusa kina neno "indalama", ambalo lina ndugu yake "ndalama" katika lugha za Malawi. Msamiati huu unaonyesha kwamba fedha ziliingia Mbeya kwa zaidi ya mlango mmoja: wa pwani na wa Ziwa Nyasa.

3.0 Rupia Iringa: Kodi na Bei ya Kichwa

Tarehe zilizo juu ya rupia zinakwenda bega kwa bega na tarehe za vita vya Wahehe. Rupia ya mwaka 1891 ilifuliwa Ujerumani katika mwaka uleule ambao jeshi la Emil von Zelewski liliangamizwa Lugalo, tarehe 17 Agosti. Rupia ya 1894 ni ya mwaka ambao ngome ya Kalenga ilianguka, mwishoni mwa Oktoba. Rupia ya 1898 ni ya mwaka wa kifo cha Mtwa Mkwawa, tarehe 19 Julai.

Uhusiano huo si wa kalenda peke yake. Gavana Liebert alitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Kwa hesabu ya uzito rasmi, rupia 5,000 ni zaidi ya kilo 58 za sarafu, mzigo wa wapagazi wawili au zaidi. Mwaka huohuo wa 1898 kodi ya nyumba ilianza kutozwa katika koloni kwa amri iliyotolewa Novemba 1897, na nyumba ya kijijini ilitozwa rupia 3. Kwa kipimo hicho, bei ya kichwa cha Mkwawa ililingana na kodi ya mwaka mzima ya nyumba zaidi ya 1,600. Sarafu ileile iliyotumika kununua mwisho wa utawala wa Wahehe ndiyo iliyotumika kuthibitisha, nyumba kwa nyumba, kwamba utawala mwingine umekuja.

Mwanzoni mazao na kazi viliweza kukubaliwa mahali pa fedha, lakini msukumo wa utawala ulikuwa kuwafikisha watu kwenye sarafu. Mkulima asiye na rupia alilazimika kuuza mazao, kwenda kwa mlowezi, au kubeba mizigo. Ndiyo maana sarafu zilizochakaa sana si ishara ya uzembe wa waliozitumia. Zilizunguka kutoka boma kwenda kwa askari, kutoka kwa askari kwenda sokoni, kutoka sokoni kwenda kwa mkulima, na kutoka kwa mkulima kurudi bomani.

4.0 Mbeya, Masoko na Fedha za Vita

Mji wa Mbeya ni wa baadaye. Ulikua kutokana na dhahabu ya Lupa katika kipindi cha Waingereza. Wakati wa Wajerumani, kituo kikuu cha eneo hilo kilikuwa Neu-Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, na kikosi cha tano cha jeshi la koloni kilikuwa na kambi yake Masoko, kando ya ziwa lililomo ndani ya kreta ya volkano. Iringa ilikuwa na kikosi cha pili. Kambi hizo mbili zilikuwa milango mikubwa ya sarafu, kwa sababu askari walilipwa kwa rupia na kununua chakula na pombe vijijini.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilivuruga mzunguko huo. Meli za Ujerumani hazikuweza kuleta sarafu mpya, na utawala ukalazimika kuchapa noti za dharura. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kiwanda cha sarafu. Hapo zilitolewa heller 5 na heller 20 zenye herufi T, na sarafu maarufu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo mbele ya mlima, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Sarafu za dhahabu zilizofuliwa ni 16,198.

Mfuatano wa vita unaonyesha njia ambayo fedha za Tabora zingeweza kufika kusini. Majeshi ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini Mei 1916, yakaichukua Neu-Langenburg, kisha Iringa tarehe 29 Agosti. Tabora iliangukia mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba. Baada ya hapo jeshi la Jenerali Wahle lilirudi nyuma kuelekea kusini-mashariki, na Oktoba 1916 lilipigana katika maeneo ya Iringa. Kwa hiyo heller ya Tabora ikipatikana Iringa inaweza kuwa mabaki ya safari hiyo ya jeshi, si ya biashara ya kawaida. Uwezekano huo hauwezi kupimwa ikiwa mahali sarafu ilipopatikana hapakuandikwa.

Masoko ni mfano ulio wazi zaidi. Simulizi za wenyeji zinasema kwamba Wajerumani walipoondoka walitupa silaha na mali ziwani, na wageni wanaofika hapo wamekuwa wakiuziwa sarafu kongwe za Kijerumani na za Kiingereza zinazosemekana kutoka majini. Mkusanyaji huona sarafu iliyoharibiwa na maji. Mwanahistoria aliye makini angeona kitu ambacho kingeweza kuijaribu simulizi: ni sarafu za miaka ipi, za aina ipi, na je, kuchanganyika kwake na za Waingereza kunaafiki habari ya kutupwa mara moja mwaka 1916? Kila sarafu inayoondoka bila kuandikwa inapunguza uwezo wa kulijibu swali hilo.

5.0 Kipimo cha Madaraja na Asili Yake

Kipimo kinachotumiwa zaidi na makampuni ya kupanga madaraja ya sarafu kinatokana na kazi ya Mmarekani William Sheldon, aliyekieleza mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake. Kina namba 1 hadi 70. Nia yake ya awali ilikuwa ya kibiashara: sarafu ya daraja la 70 ilitarajiwa kuwa na thamani mara 70 ya sarafu ya daraja la 1 ya aina ileile. Bei zilibadilika na uwiano huo ukafa, lakini namba zilibaki. Makampuni makubwa mawili ya Marekani yalianza kuzitumia kwa kufunga sarafu katika vifuko mwaka 1986 na 1987. Kampuni ya kupanga madaraja ya kadi za michezo ilifuata mwaka 1991 kwa kipimo cha 1 hadi 10.

Faida ya utaratibu huu isipuuzwe. Rupia 15 ya Tabora imeghushiwa mara nyingi, na mnunuzi asiye na mizani hawezi kujikinga. Uzito wake halali ni karibu gramu 7.17 na usafi wa dhahabu ni 750 kwa 1,000. Sarafu isiyofikia hapo ni ya kutiliwa shaka. Mtaalamu anajua pia kwamba nakshi iliyo upande wa tai ina namna mbili, kutegemea herufi ambayo ncha yake imekomea chini yake. Ujuzi wa namna hii ni elimu ya kweli, na umeokoa wengi wasilaghaiwe.

Hata hivyo, ujuzi huo nao una mipaka. Kwenye rupia ya kampuni, uchakavu huanza sehemu zilizoinuka: tai wa kofia, shavu la Kaizari, kiwiliwili cha simba. Mpanga madaraja husoma sehemu hizo kwanza. Lakini heller 20 za Tabora zilifuliwa kwa mitambo ya karakana ya reli, na nyingi zilitoka zikiwa na chapa dhaifu tangu siku ya kwanza. Sarafu inaweza kuonekana imechakaa bila kuwahi kununua chochote. Asiyejua historia ya karakana atahesabu udhaifu wa chapa kuwa uchakavu, na hapo hata bei itakuwa imepotoka.

Tatizo kubwa zaidi liko chini ya kipimo. Sarafu iliyotobolewa, iliyosuguliwa au iliyoliwa na kutu kwa kawaida hainyimwi uhalali wake, ila hunyimwa namba. Huandikiwa kwamba ni halisi na kwamba ina dosari. Kwa lugha ya soko, imetolewa nje ya mashindano. Matokeo yake yanaonekana upande wa muuzaji: anayejua kwamba kutu hushusha bei hushawishika kuisafisha sarafu kwa majivu, ndimu au mchanga. Kwa kufanya hivyo huondoa utando uliojengeka kwa zaidi ya miaka mia, hukwaruza uso, na mara nyingi huishusha bei ileile aliyotaka kuipandisha. Kipimo kilichobuniwa ili kupima hali ya sarafu kinachangia kuiharibu.

6.0 Tundu Mbele ya Sheria

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inatofautisha malikale na vitu vya kiethnografia. Malikale, kwa jumla, ni kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kubadilishwa na binadamu ndani ya Tanganyika kabla ya mwaka 1863. Kitu cha kiethnografia ni kile kilichotengenezwa au kubadilishwa nchini baada ya mwaka huo kwa matumizi ya kijamii au ya kitamaduni. Kuvisafirisha nje ya nchi kunahitaji kibali.

Rupia ya 1891 iliyofuliwa Ujerumani haiingii moja kwa moja katika kundi lolote kati ya hayo. Si ya kabla ya 1863, na haikutengenezwa Tanganyika. Ikiwa nzima na yenye kung'aa, sheria haina mengi ya kusema juu yake. Lakini rupia hiyohiyo ikiwa imetobolewa na kuvaliwa shingoni kama pambo, imebadilishwa na binadamu, nchini, kwa matumizi ya kijamii. Kwa usomaji huu, tundu lililoifukuza sarafu kutoka katika kipimo cha wakusanyaji ndilo linaloiingiza katika ulinzi wa sheria.

Usomaji huu unaweza kupingwa. Pingamizi la kwanza ni kwamba tundu linaweza kutobolewa leo, na kwa hiyo lisithibitishe matumizi ya zamani. Pingamizi hilo lina nguvu, lakini lina jibu la kiufundi: kingo za tundu lililovaliwa kwa uzi au mkufu kwa miaka mingi hulainika, na mara nyingi hulika zaidi upande mmoja ambako uzito wa sarafu ulining'inia, tundu jipya lina kingo kali na chuma kinachong'aa kuliko uso unaolizunguka. Pasipo shaka, matundu ya kiwandani yaliyomo katikati ya heller 10 za kuanzia mwaka 1908, yaliyorahisisha kuzitunga uzini, yasichanganywe na matundu haya. Pingamizi la pili ni kwamba sarafu ilikuwa fedha kabla ya kuwa pambo. Lakini sheria inataja pia kubadilishwa, si kutengenezwa tu, na pambo ni kitu kipya kwa aliyelivaa.

7.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba daraja la hali na thamani ya kihistoria ni mambo mawili yanayopimwa kwa macho tofauti. Sarafu isiyotumika inaeleza vizuri kazi ya kiwanda cha Ujerumani. Sarafu iliyochakaa inaeleza Iringa na Mbeya. Hakuna haja ya kulifuta daraja la hali. Linasaidia kutambua bandia na kulinda wanunuzi. Kinachohitajika ni kuongeza kando yake wasifu wa matumizi wenye mambo matano: mahali sarafu ilipopatikana na simulizi iliyoambatana nayo, uzito wake wa sasa ukilinganishwa na uzito rasmi, sehemu zilizochakaa na zile zenye chapa dhaifu ya asili, mabadiliko yaliyofanywa na watu, pamoja na hali ya kingo za tundu, na sarafu nyingine zilizopatikana pamoja nayo. Mambo hayo yanahitaji mizani ndogo, kioo cha kukuzia na daftari, na yanaweza kufanywa na makumbusho ya mikoa kabla sarafu haijafika mnadani.

Boma la Iringa, lililojengwa na Wajerumani na kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016, lina nafasi ya pekee katika kazi hii, kwa kuwa maboma yalikuwa mahali pa kurudishia rupia za kodi. Historia ya kichwa cha Mkwawa inatoa fundisho linalofaa hapa. Fuvu lilirudishwa Kalenga mwaka 1954 na kukabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi. Linatunzwa, linatembelewa, na linajulikana. Rupia 5,000 zilizotangazwa kuwa bei yake hazikuwa na alama ya kuzitenga na rupia nyingine, na yamkini zilitawanyika katika mzunguko uleule wa kodi na mishahara. Hakuna atakayeweza kuionyesha mojawapo kwa hakika. Lakini maadamu rupia za miaka hiyo bado zimo katika masanduku ya familia za Uhehe na kando ya maji ya Masoko, swali la zilikopita lingali linaulizika, na jibu lake halitapatikana katika zile zisizo na mkwaruzo.